Apumuaye Peke Yake

Siku aliyokufa Mwajabu, Ubao wa Pumzi ulikuwa kijani kitupu, kona hii mpaka kona ile. Hilo ndilo lililomuuma Hidaya kuliko yote. Ubao ungewaka nyekundu na waamshaji wakachelewa njiani, angepata wa kumlaumu. Baiskeli ingepasuka mpira, angemsema fundi mpaka ashibe. Lakini Ubao, kazi ya mikono yake mwenyewe, ulikaa ukutani pale ofisini Chumbageni umetulia tuli, unaonyesha kwamba watu wote wa Tanga wanapumua vizuri, na wakati huohuo kule Raskazone, nyuma ya ukuta wa kuzuia bahari, katika nyumba iliyohamwa tangu maji yapande, mwanamke mtu mzima alikuwa amelala kifudifudi pumzi zikimwisha. Aliyemkuta ni jirani aliyekuwa akimsaka mbuzi wake.

Kifuani mwa marehemu kibandiko kilikuwa bado kimeganda, kinafanya kazi sawasawa. Kilikuwa kimepeleka habari zote. Kilisema pumzi zinapungua, kikasema zimekuwa chache mno, kikasema zimekatika. Yote hayo Ubao uliyapokea, na rangi haikubadilika.

Asubuhi iliyofuata Dokta Shelukindo, mkuu wa ofisi, alimwita Hidaya mbele ya Ubao. Ni mtu mpole wa sauti ya chini, na akikasirika sauti inazidi kushuka mpaka unalazimika kumsogelea ili ugombezwe vizuri. Alitaka kujua jambo moja tu: macho ya Ubao yalikuwa wapi.

Hidaya alimweleza, ingawa dokta mwenyewe alikuwa anajua. Kila anayetumia chokaa, ule unga wa maabara ulioingia mjini ukaufukuza unga wa zamani, anaweza kuomba kibandiko. Ni kidogo, hakizidi bagia, kinakaa kifuani, chini ya mfupa wa bega, na kazi yake ni kusikiliza pumzi. Zikipungua kupita kiasi, mtaa wa mtu huyo unawaka nyekundu kwenye Ubao, na mwamshaji aliye karibu anapanda baiskeli na mkoba wa dawa ya kuamsha, ile ya kupuliza puani. Ubao haujui majina. Na ili mtu yeyote, awe askari, mwenye nyumba au mama mkwe, asiweze kuutazama na kusema "aa, ni yule wa nyumba ile ya bati jekundu," mtaa wenye vibandiko visivyofika vitano haukuonyeshwa peke yake. Uliunganishwa na mitaa ya jirani, hesabu zikachanganywa, ukapakwa rangi moja. Pale ofisini waliita jambo hilo kufunika.

Sasa hebu fikiria. Raskazone mpaka Sahare ni ukanda mrefu, wenye vibandiko viwili huku na kimoja kule. Ukimchanganya mtu mmoja anayekata roho na wengine wanaopumua bila shida, ukagawanya, jibu linatoka zuri tu. Ndivyo Mwajabu alivyokufa ndani ya rangi ya kijani.

Na wala hawakuwa wajinga waliopanga hivyo. Kosa lilitokana na kuzijua maskani za Tanga, tena kuzijua vizuri. Humo mtu havuti peke yake, ni mwiko. Siku zote kuna mwenye zamu, mmoja ambaye siku hiyo hagusi kitu, anakaa macho kwa ajili ya wenzake, na asiyeheshimu zamu anafukuzwa hata kama ni mkubwa wa umri. Hidaya na wenzake waliuona utaratibu huo, wakaupenda, wakajenga Ubao juu yake. Mtaa wenye kibandiko kimoja waliuchukulia kuwa ni wa mtu anayepita njia. Haikuwapitia akilini kwamba kuna wenye aibu, watu waliozikimbia nyumba zao na baadaye wakazikimbia na maskani, na kwamba hao ndio wangekufa wa kwanza.

Dokta Shelukindo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu kwa sauti ambayo ilikuwa karibu kupotea alisema dawa yake ni rahisi: kufunua. Kila kibandiko kionekane kilipo, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango.

Hidaya alipaswa kukataa palepale. Badala yake moyo ulimruka kwa furaha, furaha mbaya ya kumfanya mtu ainamishe macho, maana marehemu alikuwa bado hajazikwa.

*

Kilichomfurahisha kilikuwa chumba cha nyuma.

Huko ndiko pumzi zilikopita zikiwa mbichi, kabla hazijachanganywa na kupakwa rangi. Kila kibandiko kilichora mstari wake kwenye kioo, unapanda na kushuka, na Hidaya peke yake ndiye aliyeingia, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuurekebisha mtambo ili usimwite mwamshaji kila mzee anapokoroma. Aliingia asubuhi, akakagua, akatoka. Ndivyo ilivyokuwa mpaka msimu mmoja wa masika, alipoutazama vizuri kwa mara ya kwanza mstari mmoja katika mingi, akasahau kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa.

Mbili fupi, kusita kidogo, halafu moja ndefu.

Wallahi hakuna mwingine duniani anayepumua hivyo. Hidaya alilala kando ya pumzi hizo tangu harusi yao. Mwanzoni zilimtia hofu, kwa sababu pale kwenye kusita alidhani mume amekufa, akawa anamtikisa. Mhina anaamka, anauliza kuna nini, anacheka, analala tena. Baadaye akazizoea hadi akawa hapati usingizi bila hizo. Mhina alikuwa fundi wa minara ya mawasiliano, mtu wa kupanda juu akiimba. Siku moja mkanda ulikatika, akaanguka, mgongo ukavunjika na ukaungwa, lakini maumivu hayakuungika. Akaanza na vidonge vya hospitali, vikaja vya dukani, ikaja chokaa. Hidaya alimficha kwa ndugu, akamficha kwa majirani, akamficha mpaka kwa mama mzazi wa Mhina. Nadhani kufichwa kule ndiko kulikomchosha Mhina. Ijumaa moja, wakati mkewe akipika, alitoka viatu mkononi asisikike, hakurudi tena.

Hidaya alimtafuta mpaka miguu ikavimba. Alipokata tamaa ya kumtafuta ndipo akajiingiza kwenye kazi ya Ubao, akijiambia ni kwa ajili ya watu wote. Na ni kweli, ilikuwa kwa ajili ya watu wote. Lakini tangu masika yale, kila asubuhi alipoingia chumba cha nyuma alikuwa anakwenda kumwamkia mumewe. Aliijua siku aliyopata mafua. Aliijua siku aliyokuwa na arosto, mateso ya kukosa chokaa, mstari ukihangaika juu chini bila raha, naye Hidaya akishinda hivyohivyo, chakula hakipiti. Mara nyingine mstari ulivunjikavunjika haraka haraka, naye aliamini kabisa kwamba Mhina anacheka, na akajikuta anatamani kujua ni nani amemchekesha huko aliko. Alimtamani mno. Hakulificha hilo kwa nafsi yake. Alitamani uzito wake kitandani, harufu ya grisi kwenye shati, na hata tabia yake ya kuacha taulo mbichi juu ya kiti, iliyokuwa ikimpandisha mori.

Alichokijua kuhusu mahali alipo ni ukanda tu, Raskazone mpaka Sahare. Kukiwa na kufunika, hata yeye mwenye mtambo hakuweza kujua zaidi. Kufunua kungempa mlango.

Kizuizi kilikuwa yamini. Vibandiko vilipoanza, mateja hawakuvitaka, na walikuwa na haki yao, kwa sababu walishawahi kuhesabiwa na kilichofuata baada ya hesabu kilikuwa virungu. Hidaya alikwenda maskani kubwa ya bohari la mkonge, akala yamini, msahafu mkononi, kwamba Ubao hautamtafuta mtu wala kumuuliza mtu alipo. Wakamwamini nusu. Ile nusu nyingine waliiweka ndani ya kibandiko chenyewe: walitaka kiwe na taa, na siku yoyote ofisi ikifunua, taa zote za mji mzima ziwake nyekundu kifuani, kila mmoja ajue ameuzwa. Hidaya akakubali, akaijenga taa hiyo kwa mikono yake, tena akaijenga isiyozimika.

Kwa hiyo kufunua kulimaanisha hivi. Angempata Mhina kabla ya adhuhuri. Na kabla ya alasiri Tanga nzima ingekuwa imebandua vibandiko na kuvitupa mtaroni. Tena wiki hiyo, maana zile pua za mtambo zilizofungwa mitaroni kunusa maji machafu zilikuwa zinapiga kelele kwamba chokaa iliyoingia safari hii ni kali kuliko zote zilizopita. Mtu angepatikana, na wengine wangekufa bila Ubao hata kujua kwamba walikuwa hai.

Aliporudi kwa Dokta Shelukindo alimwambia ukweli nusu. Alisema kuna yamini, na kwamba hawezi kuivunja bila kuwaomba wale aliowaapia. Dokta alimtazama sana. Akasema yeye anazika watu, haziki viapo, lakini atampa mpaka kesho.

*

Bohari la mkonge liko nyuma ya reli, na mchana jua linaingia kwenye matundu ya bati mpaka vumbi linaonekana. Mwenye zamu siku hiyo alikuwa Chausiku, mwanamke wa makamo, mweusi tii, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndicho kiti cha zamu. Alimkaribisha Hidaya kwa mkono tu, kwa sababu alikuwa kazini.

Na kazi yenyewe Hidaya hakuwahi kuiona kwa karibu. Watu walikuwa wamelala huku na huku, wengine wamekaa vichwa vimeinama. Chausiku alikuwa akiwazungukia kwa macho, anasema tu, "Upo?" Mmoja anaitika, "Nipo," kwa uvivu kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Anahamia kwa mwingine. "Upo?" Aliyechelewa kuitika aliulizwa mara ya pili kwa ukali. Asipoitika ya pili, alisema mwenyewe Chausiku, hapo hatafutwi daktari kwanza. Anapiga ukelele, na bohari zima linaamka, wazima na wasio wazima.

Hidaya alieleza shida yake. Aliwaeleza habari za Mwajabu, na waliokuwa macho wakasogea kusikiliza, kwa kuwa Mwajabu walikuwa wakimjua; alikuwa mpishi wa harusi, akaona aibu ya kuonekana na wake wa watu aliowapikia, ndiyo maana akaenda kuvuta peke yake. Hidaya aliongea vizuri. Alisema kuna wengine kama yeye, kwamba wako peke yao sasa hivi, kwamba kufunika kunawaua. Hakuna neno la uongo alilosema. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli. Mwisho akawaomba wamfungue yamini.

Chausiku alimaliza kwanza mzunguko wake wa "upo." Kisha akamgeukia.

"Wifi," alisema, "unamtafutia haki Mwajabu, au unamtafuta kaka yangu?"

Hakuna mtu aliyemwita Hidaya wifi tangu Mhina aondoke, na Chausiku hakuwa ndugu wa damu wa Mhina. Dada za mume walishamfutia jina hilo, wanasema kwake ndiko ndugu yao alikoharibikia. Alitaka kukana. Ikabidi aseme, na akishaanza kusema hakubakiza kitu: chumba cha nyuma, mstari, mbili fupi na moja ndefu, chai ya asubuhi, yote.

Watu wa bohari hawakupenda. Mmoja alishika kibandiko chake kifuani kama anayeziba jicho la mtu dirishani. Kumbe anatuangalia, alisema. Wengine wakaguna. Chausiku aliwanyamazisha kwa kiganja.

Akamsimulia Hidaya aliyokuwa hayajui. Siku ile aliyokuja kula yamini, Mhina alikuwa humu humu, amelala nyuma ya marobota ya mkonge. Aliisikia sauti ya mkewe, akajikunja akauma shati asitoe sauti. Baada ya Hidaya kuondoka aliwaaga wenzake. Hakuweza tena kukaa mahali ambapo mkewe anaweza kuingia wakati wowote akamkuta alivyo. Lakini kabla ya kwenda zake alikuwa mtu wa kwanza kuomba kibandiko.

"Nilimshangaa," Chausiku alisema. "Nikamwambia, wewe unayemkimbia, mbona unavaa kitu chake? Akanijibu: 'Hidaya ndiye atakayekaa nao huo ubao. Nikikivaa atajua napumua. Mengine asiyajue.'"

Hidaya alilia. Hakulia kwa staha wala hakujifunika uso. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akimwibia mtu pumzi, alikuwa akipelekewa. Na kumbe, hapohapo, mtu yule alikuwa amemwomba kitu kimoja tu, naye ndicho alichokuja kukivunja. Hakujua kipi kilimuuma zaidi.

Aliponyamaza aliuliza, kwa sauti ndogo, kama Chausiku anajua alipo.

"Nakijua mpaka kibanda chake. Sikwambii," alijibu. "Na wewe uliapa hutauliza."

Baada ya hapo alirudi kwenye zamu yake, maana muda ulikuwa umepita. "Upo?" "Nipo." "Upo?" "Nipo." Hidaya alikaa chini kwenye sakafu pamoja nao, macho yamevimba, anasikiliza tu. Na akiwa katika kusikiliza ndipo lilipomjia. Mwenye zamu hakuwa na haja ya kujua jina la mtu, wala nyumba, wala ya kumpelekea mtu wa mbali habari. Alichohitaji ni kuuliza, na asipojibiwa, kuwapigia kelele walio karibu. Kibandiko kilikuwa na kispika tayari, cha kulia betri ikiisha. Kikisikia pumzi zimepungua kingeweza kuuliza chenyewe, upo? Kikakosa jibu, kikapaza sauti, wakasikia majirani. Ubao usingefunua mtu, kwa sababu usingekuwa wa kwanza kuambiwa. Aliye peke yake angekuwa na mwenye zamu wake kifuani.

Aliwaeleza. Ilizuka zogo. Mmoja alisema yeye hataki kifua chake kimwaibishe kwa watu. Mwingine akamuuliza kama maiti yake haitamwaibisha. Wengine walicheka. Walibishana hivyo mpaka jua likahama kwenye matundu, na mwisho wakakubaliana kwamba anayetaka sauti aipate, asiyetaka aiache. Wakamtazama Chausiku aseme neno la mwisho.

Neno lenyewe lilikuwa sharti. Sauti wanaitaka, alisema, lakini chumba cha nyuma kifungwe. Mtambo ujifunze wenyewe au usijifunze, asiwepo mtu wa kukaa na pumzi ya mtu mwingine akiitazama, hata kwa mapenzi. Kwa mapenzi ndio mbaya zaidi, akaongeza, kwa sababu aliyependa hachoki kutazama.

"Hata yake?" Hidaya aliuliza.

"Yake ndiyo ya kwanza, wifi yangu."

*

Dokta Shelukindo alipinga, kama ilivyotarajiwa. Aliuliza, sasa Ubao utaonyesha nini? Wakubwa wakija kutembelea wataoneshwa ukuta mtupu? Hidaya, ambaye usiku ule hakulala na hakuwa na subira ya kubembeleza mtu, alimjibu kwamba tangu umetundikwa Ubao umekuwa wa kutazamwa na wageni. Sasa uwe wa kutumiwa na mwenye baiskeli. Uonyeshe mtaa gani pua za mitaroni zinanusa chokaa kali, ili watu waonywe kabla hawajavuta. Uonyeshe wapi dawa ya kuamsha imeisha kwenye masanduku, wapi watu wameamshwa, wapi majirani bado hawajafundishwa kuitumia. Hayo hayahitaji pumzi ya mtu yeyote. Dokta alikuna kidevu. Alikubali shingo upande, akasema akiulizwa atasema lilikuwa wazo lake, na Hidaya akamwambia alichukue, halina shida.

Basi wakaingia kazini. Chausiku aliletwa ofisini, akavuliwa viatu kwa sababu ya zulia, akawekwa mbele ya kinasa sauti, akasema "Upo?" kwa namna zote anazozijua, ya upole, ya ukali na ya mwisho kabisa. Sauti ikapelekwa hewani ikaingia kwa kila aliyeitaka. Huku Mwantumu, binti aliyekuwa mwamshaji wa upande wa Raskazone, alizunguka na baiskeli kutundika masanduku ya dawa: msikitini, kwa muuza mkaa, kwenye kibanda cha mihogo, kwenye lango la shule. Hidaya alikwenda naye. Akiwa ndani ya ukanda ule miguu yake ilitaka kwenda yenyewe, kila kibanda alikitazama mara mbili, na kila mara alijilazimisha kumtazama yule anayemfundisha namna ya kupuliza puani.

Chumba cha nyuma alikiacha mwisho. Alijipa visingizio, leo hivi, kesho vile. Mwishowe Chausiku alimtumia ujumbe wa neno moja, akimuuliza kama tayari, naye aliona aibu.

Aliingia asubuhi na chai yake kama kawaida. Mstari ulikuwepo. Mbili fupi, kusita, moja ndefu. Mhina alikuwa amelala, tena usingizi mzuri. Hidaya alikaa akaongea naye kidogo. Alimweleza kwamba mama yake hajambo, kwamba ule mlango wa uani uliokuwa ukilia ameurekebisha mwenyewe, kwamba hana kinyongo na kwamba anacho pia, na kwamba vyote viwili havimzuii kumtaka arudi. Alimwambia anampenda. Kisha akasubiri pumzi moja ndefu iishe, akaona si haki kukata katikati, akasubiri na nyingine, na nyingine tena, na akatambua kwamba kwa mwendo huo angekaa hapo mpaka azeeke. Akafunga. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake akajiona yeye mwenyewe ameshika kikombe.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za mwanzo alizoondoka Mhina. Wakati ule angalau alikuwa amekasirika. Sasa alikuwa anaamka, anavaa, anafika kazini, miguu inampeleka kwenye mlango uliofungwa, na anageuka. Alitazama Ubao mpya kama watu wengine wote. Ulikuwa na alama ndogo nyeupe inayowaka mtu akishaamshwa, ukanda mzima ukiwa na alama moja, bila mtaa wala saa. Ziliwaka. Chokaa kali ilipita mjini kama pua zilivyosema, na alama nyeupe ziliwaka ukanda wa Makorora, zikawaka wa Mabawa na wa Ngamiani, na hakuna mtu aliyebandua kibandiko.

Kisha alasiri moja iliwaka ya ukanda wa Raskazone.

Hidaya alisimama. Hakukuwa na cha kufanya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikaa, akasimama tena, akapanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Ilikuwa karibu na magharibi Mwantumu alipofika kujaza mkoba, anatokwa jasho, amejaa maneno. Alisimulia huku akinywa maji. Mama muuza mihogo alikuwa kwenye karai lake, akasikia sauti ya mwanamke nyuma ya ukuta inaita upo, upo, mara ikawa inapiga ukelele. Akadhani ni ugomvi wa mke na mume, akaenda kuamua. Kumbe ni mtu amelala peke yake kibandani, midomo imebadilika rangi. Akakimbilia sanduku, akampulizia. Mwantumu alipoitwa na majirani akafika, alimkuta bado anayumba, akamshika kichwa mpaka akatulia, na wakati wote huo mama wa watu akimgombeza mgonjwa kwamba mihogo yake yote imeungua.

"Jamaa mwenyewe mtu mzima," Mwantumu akaendelea, "mrefu, halafu mgongoni ana—"

"Usiniambie," Hidaya alisema.

Mwantumu aliziba mdomo. Alikumbuka kanuni, akaomba radhi, akasema sifa za mtu hazisemwi na yeye anajua, ni furaha tu imemzidi. Hidaya alimwambia hakuna neno. Alimjazia mkoba dawa, akaufunga vizuri, akamkabidhi. Lakini Mwantumu aliponyoosha mkono kuupokea, Hidaya aliushika mkono ule, ule uliokishika kichwa cha mtu, akaukamata kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Mwantumu alidhani anapewa pole ya kazi. Alisimama kwa adabu, akangoja mpaka dada Hidaya amalize.